Valda Prowse, Mkia wa Jumatano

Kwanza niseme wazi nisije nikaambiwa nimeficha: mimi Valda Prowse nampenda, na ukitaka kusikia mabaya yake nenda kwa mwingine. Hapa utasikia mazuri tu, na mawili matatu ya kuchekesha, maana bibi yule akishazichomeka suruali zake ndani ya soksi ili ruba wasimpande, akavaa na ile kofia ya sufi aliyoifuma mwenyewe ikamshinda ukubwa, huwezi kumtazama ukajizuia.

Valda alikuwa mkia. Sisi Watembeaji wa Jumatano kila wiki tunapanda mlima, na msafara wetu una watu wawili wenye kazi: anayetangulia na anayefunga. Anayetangulia ni Alwyn Tranter, fundi bomba mstaafu, miguu mirefu, subira fupi. Anayefunga ndiye tunayemwita mkia. Kazi yake ni nyepesi kuieleza. Anakaa nyuma ya kila mtu na hampiti mtu, hata iweje. Ukisimama kufunga kamba za buti, naye anasimama. Ukisimama kutazama uyoga, naye anautazama. Tukifika kileleni hakai mpaka wote wamekaa, na chai yake anaimimina wote wakishapata. Na ukisimama kwa sababu pumzi zimekuishia na unaona haya kusema, Valda ndiye anayeanza kulalamikia magoti yake, ili ionekane wewe unamngoja yeye. Hiyo ya mwisho haimo katika kanuni zetu, ameibuni mwenyewe.

Kuna kanuni moja lazima niieleze, maana bila hiyo habari yangu haiendi. Msituni hakuna choo. Ukibanwa unaingia kichakani, na kabla hujaingia unaliweka begi lako chini, pembeni mwa njia, upande ule ulioingilia. Mkia akilikuta begi anajua kuna mtu huko ndani. Anasimama, anageuza mgongo kwa adabu, anangoja mpaka mwenyewe atoke. Begi likiwa chini, mkia haondoki. Valda alikuwa akingoja huku akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya puani, ili ujue kwamba yupo, na ujue pia kwamba hakusikii.

Alizaliwa Tarlow, chini ya mmoja wa milima tunayoipanda, enzi zile palipokuwa na kiwanda cha mbao na nyumba za wafanyakazi. Leo pamebaki bomba la moshi la matofali na milimau iliyogeuka pori. Kwao watoto walikuwa wengi, na shule ilikuwa ng'ambo ya kijito. Mama yao alimpanga Valda nyuma kwa kuwa hakuwa na haraka. Wakubwa walikimbia mbele, wadogo walikaa chini njiani wakagoma, na yeye ndiye aliyewaokota mmoja mmoja pamoja na viatu vyao.

"Mimi shule nimefika kila siku kengele imeshalia," aliniambia. "Nimechapwa mpaka nikazoea, na makosa si yangu."

"Na hukuwasemea?"

"Niwasemee kwa nani, Glenys? Wangechapwa wao. Walikuwa wadogo."

Alipokua alifanya kazi ya kufua mashuka hospitalini mjini kwetu mpaka alipostaafu. Aliolewa na Clem, dereva wa lori la maziwa, mtu mpole ambaye aliongea kwa zamu, leo neno, kesho neno. Wakapata mtoto mmoja wa kiume, yuko Perth, ng'ambo ya pili ya nchi, anapiga simu Jumapili. Halafu Clem moyo ukasimama, asubuhi, akiwa anafunga kamba za viatu.

Mimi ni jirani yake. Nilikuwa nauza nyama katika bucha ya aliyekuwa mume wangu, na mdomo wangu mji mzima unaujua. Nilihudhuria mazishi, nikaona watu walivyoleta vyakula mpaka friji ikakataa kufunga. Kisha wote wakaenda makwao. Wiki zikapita, nikamwona Valda kila siku amesimama dirishani jikoni, ameshika kikombe kimoja, hanywi. Jumatano moja nikashindwa kuvumilia. Nikaingia bila kubisha hodi.

"Vaa viatu," nikamwambia. "Tunaondoka."

"Kwenda wapi?"

"Mlimani. Kuumwa na ruba."

Akavaa. Siku hiyo hiyo, bila kuambiwa na mtu, alikaa nyuma ya wote, na mkia wa zamani alipohamia pwani hatukupiga hata kura.

Sasa nije kwenye lile lililoniuma. Magoti yakaanza kumsumbua kweli, na masikio yakaanza kufifia. Alwyn akipuliza filimbi huko mbele, Valda hajibu. Siku moja tulifika kwenye maegesho giza linaingia, watu wananuna, na wiki hiyo Alwyn akatuita kibarazani kwake kwa chai na keki ya nazi. Nilipoiona ile keki tu nikajua kuna jambo. Alwyn hanunui keki bure.

"Valda, usije ukaona vibaya," akaanza, huku anatazama sahani. "Nimefikiri, mwezi ujao tumpumzishe mkia."

"Mkia si ndiyo mimi?" Valda akasema.

"Ndiyo. Tukupumzishe wewe. Masikio yako siku hizi, mama... Na magoti. Utembee katikati, ustarehe na wenzako."

"Katikati," Valda akasema polepole. "Haya."

Akainuka, akakusanya vikombe, akaenda kuviosha vyote, hata vile ambavyo watu walikuwa hawajamaliza chai.

"Alwyn, wewe huna haya!" nikasema.

"Glenys, hapa hatuongelei haya, tunaongelea usalama. Mtu akipata shida kule nyuma akaita, nani atamsikia?"

Nilikuwa na la kumjibu, ila lilikuwa tusi, na mkewe alikuwepo.

Nilimrudisha Valda nyumbani kwa gari. Tulipokaribia kwake nikamuuliza, "Mbona hukujitetea?"

"Nijitetee nini naye hajadanganya? Sisikii vizuri." Akavua kofia, akaiweka mapajani. "Ila nikwambie kitu, Glenys. Mtoto ana maisha yake, yuko mbali. Clem hayupo. Jumatano ndiyo siku ambayo mtu ananihitaji. Nikiacha mkia, Jumatano itakuwa sawa na Alhamisi."

Nilipitiliza geti lake, ikabidi nigeuze gari kwenye uwanja wa kanisa. Sikutaka aone macho yangu.

Basi Jumatano ya mwisho ya Julai, katikati ya baridi, tukapanga kwenda Mzunguko wa Tarlow. Ilikuwa siku yake ya mwisho kuwa mkia, na ni yeye aliyeuchagua mlima. Pale maegesho pana kibao kinachosema ni njia ya wastani. Wastani wa nani? Aliyeandika kibao kile alikuwa kijana mwenye magoti mapya. Unapanda kwa upande wa korongo, chini ya miti minene, mizizi na matope mpaka juu. Unatokea ghafla ukingoni mwa jabali, penye jukwaa la mbao na reli ya chuma, na siku ya jua unaona mabonde yote mpaka kamstari ka bahari. Kisha unashuka kwa upande wa pili, penye mikalitusi, unarudi pale pale ulipoacha gari. Ukipanda huku unashukia kule. Mtu harudi alikopita, na hilo mlishike.

Siku hiyo tulikuwa na mgeni, Des Kitto, tarishi wa posta mstaafu. Maisha yake yote amebeba vitu vya watu akawafikishia. Ukiangusha glavu mtaani, Des atakugongea mlango nayo mkononi kabla hujajua umeipoteza. Kwa kawaida mgeni akija Alwyn husimama juu ya jiwe akatusomea kanuni zote kama padri, lakini mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa bahari, akaona tuchelewe ya nini.

"Kanuni mnazijua, twendeni!" akasema.

Des hakuzijua hata moja, na sisi wengine hatukukumbuka.

Tulipanda. Msitu ulikuwa umelowa, kangaga zinadondosha maji, na ruba walikuwa wameamka na njaa. Valda alikuwa na chupa yake ya chumvi, kila aliyepiga kelele anamnyunyizia. Mimi nilikuwa karibu na nyuma, Des akinifuata kwa mbali, na Valda nyuma ya Des. Karibu na kijito, pale maji yanapoporomoka kwa kishindo, nikabanwa. Nikaweka begi langu kushoto kwa njia, vizuri kabisa, mahali ambapo hata kipofu angejikwaa nalo, nikaingia. Kwa vile kuna mgeni mwanaume, nikaona niende ndani kidogo zaidi. Hiyo heshima ndiyo iliyoniponza.

Nilikanyaga mzizi uliofunikwa na kuvumwani. Mguu ukaenda zake, mimi nikaenda zangu. Niliteremka mtelemko wote kwa makalio mpaka karibu na maji, na kifundo cha mguu kikalia "kwach" kwa sauti niliyoisikia vizuri kuliko nilivyopenda.

Nikiwa nimelala pale, nikamsikia Valda anapita juu yangu akiimba.

"Valda!" nikaita. "Valda wee! Niko huku chini!"

Maji yalinguruma. Wimbo haukukatika. Nikajiambia, asiponisikia si neno, begi atalikuta, atasimama. Nikangoja wimbo usimame. Ukaendelea kupanda, ukafifia, ukaisha.

Kupanda ule mtelemko kwa kutambaa, sitaki hata kukumbuka. Nilishika mizizi, nilishika miba, nilimshika na ruba mmoja. Nilipofika njiani, begi halipo. Nikatazama upande wa pili. Nikarudi kutazama upande ule ule tena, mjinga mimi, eti labda sikuangalia vizuri. Nikatukana. Nikamtukana mwizi, nikawatukana wale bata mzinga wa msituni wanaoiba sandwichi za watu, ingawa bata mzinga gani atabeba begi zima?

Hasira zilipoisha, woga ukaingia. Koti langu, maji, simu, filimbi, vyote vimo ndani ya begi. Mvua ilianza, ile nyembamba ya baridi, na ukungu ukashuka mpaka miguuni. Wenzangu wanashukia kule, hakuna atakayepita hapa tena. Watakuja kugundua kwenye maegesho, watakapoliona gari langu halina mwenyewe, na saa hiyo itakuwa ni giza. Usiku wa Julai kwenye mlima ule hauna mzaha na mtu mwenye fulana iliyolowa. Nikaanza kutetemeka, na meno hayakunitii.

Na katikati ya woga huo nikawaza jambo jingine, likaniuma kuliko mguu. Nikawaza, Alwyn sasa atasema, mmeona? Mkia kampita mtu, tena siku yake ya mwisho. Hata nikitoka hai hapa, Valda amekwisha. Nikalia pale, mtu mzima mimi, nikamwomba Mungu ambaye kwa kweli huwa namwona kwenye mazishi tu.

Yaliyotokea jukwaani nimesimuliwa na kila mmoja wao, na kila mmoja ana toleo lake. Nitawapa lile ambalo wote wanakubaliana.

Des alilikuta begi, akatazama huku na huku, hakuona mtu. Akasema masikini, kuna mtu kasahau. Akalibeba, Valda akiwa bado nyuma ya kona. Lilikuwa zito, na bado akalipandisha mlima wote, pamoja na lake. Alipofika jukwaani watu walikuwa wanapigana picha kwenye reli, akaliweka pembeni mwa njia ili mwenyewe akipita alione. Mtu akamwita aje kula keki ya matunda, akaenda.

Valda akafika wa mwisho. Akaliona begi langu pembeni, lile lenye kiraka chekundu alichonishonea yeye. Akageuza mgongo kwa adabu, akaanza kuimba.

Wengine wakala, wakanywa, ukungu ukaja ukafunika mabonde yote. Alwyn akasimama.

"Haya, tushuke kabla mvua haijakolea. Glenys yuko wapi?"

"Kichakani," mtu akasema. "Begi lake lile pale."

"Muda wote huo?"

"Itakuwa ile supu yake ya dengu."

Wakacheka. Nami ningecheka ningekuwepo.

"Tuanze polepole, atatukuta," Alwyn akasema. "Valda, chukua begi lake twende. Akiona tumeondoka atakuja mbio mwenyewe."

"Begi liko chini," Valda akasema.

"Nimeliona. Ndiyo nasema libebe."

"Liko chini, Alwyn. Siondoki."

"Mama, mvua hii! Watu wanalowa kwa ajili ya mtu mmoja aliye nyuma ya mti! Leo siku yako ya mwisho ndiyo unataka tugombane?"

"Sigombani na wewe. Nangoja."

Baadhi ya watu wakaanza kushuka. Wengine wakasimama wanatazamana, maji yanawatiririka puani. Valda hakuwa na hasira, wote wanasema hivyo. Alisimama tu karibu na begi, hajakaa tangu afike, chai yake hajaigusa kwa sababu kikombe kimoja kilikuwa bado hakijapata mwenyewe, changu. Na ndipo Des, aliyekuwa akisikiliza ugomvi kwa mbali, akasogea na adabu zake za posta.

"Samahani jamani, mnaligombania begi hili? Mbona hili nimelileta mimi? Nimeliokota kule chini karibu na kijito. Kuna mtu alilisahau."

Alwyn alikaa chini kwenye matope, hivyo hivyo. Des alitazama nyuso zao, akaelewa kwamba kuna kitu kibaya amekifanya bila kujua ni kipi, na aliniambia baadaye kwamba alitamani ardhi ipasuke immeze.

Valda hakumkaripia. Alimuuliza swali moja tu.

"Upande gani wa njia?"

"Kushoto."

Akalichukua begi langu, akalivaa kifuani, lake likiwa mgongoni, akageuka kurudi alikotoka.

Nami kule chini nilikuwa nimeshajifunika majani ya kangaga, vidole sivisikii. Nikasikia filimbi. Ilitoka juu, upande ambao hakuna mtu angetokea. Nikasema, Glenys, sasa umeanza kusikia ya kuzimu. Ikalia tena, karibu zaidi. Halafu kwenye ukungu nikaona ile kofia ya sufi imemshukia machoni, na mabegi mawili, na miguu ile miwili mibovu inakuja kasi, inarukia mizizi, bila fimbo, bila kushika kitu.

Alifika mbele yangu, akasimama, akahema. Akanitazama nilivyo, matope mpaka masikioni.

"Umemaliza?" akaniuliza.

Nikacheka. Nililia na nikacheka kwa pamoja, nikashindwa kuacha vyote viwili. Akanivua fulana iliyolowa, akanivika koti langu na lake juu yake, akanikumbatia kutoka nyuma kama anavyofunikwa mtoto, akanimiminia chai kutoka chupa yake. Ilikuwa bado ya moto na imejaa.

Ndipo Alwyn akatokea, uso mwekundu, anatweta, Des na wengine nyuma yake.

"Nimemwita... njia nzima... asimame anisubiri," akasema kwa kukatakata. "Hasikii!"

"Umesema?" Valda akauliza.

Nadhani ndiyo siku pekee masikio yale yalitufaa. Alwyn mwenyewe anakiri hakuweza kumfikia. Mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kutangulia, siku hiyo alitangulia wote.

Walinishusha kwa njia ile ile tuliyopandia, maana ilikuwa karibu zaidi. Alwyn kwapa hili, Des kwapa lile. Des alikuwa analia waziwazi.

"Glenys, nisamehe. Wallahi sikujua."

"Nimeshakusamehe, ila ninyanyue vizuri bwana! Mimi si barua."

Nyuma yetu nilimsikia Valda anachechemea, kila hatua anaguna, maana magoti yalikuwa yamekumbuka umri wao. Mara kadhaa tulimwambia apite mbele, ashikwe mkono na wenzake. Hakujibu. Wala sidhani kama hakusikia.

Kwenye maegesho wale walioshukia upande wa pili walikuwa wanatungoja, wameshawasha taa za magari. Alwyn akanikalisha kwenye kiti cha gari langu, kisha akasimama katikati ya watu, mvua inamnyeshea kichwani, hana kofia.

"Valda," akasema. "Nilikwambia uchukue begi tuondoke."

"Uliniambia."

"Ungenisikiliza, sasa hivi tungekuwa..." Akashindwa kumalizia. Mtu mzima, fundi bomba, akajifuta uso kwa mkono wa koti.

"Nilikusikia vizuri kabisa," Valda akasema. "Pale ulikuwa karibu."

"Mwezi ujao," Alwyn akasema.

"Mwezi ujao nini?"

"Mwezi ujao uje na filimbi yako. Na mwezi unaofuata. Des atatembea mbele yako hatua chache, akusaidie masikio. Magoti ni juu yako."

"Na wewe utasoma kanuni zote," nikadakia kutoka ndani ya gari. "Kila Jumatano. Hata tukiwa wenyewe kwa wenyewe!"

"Nitasoma, Glenys. Hebu pumzisha huo mdomo, umevunjika mguu."

Haukuvunjika, uliteguka tu vibaya. Nilipona. Nimekaa naandika haya miguu yote miwili chini ya meza, na kila asubuhi nikivaa soksi namshukuru Mungu, namshukuru na Valda, wakati mwingine nachanganya nani nimeanza naye.

Alikuwa mkia mpaka magoti yalipokataa kabisa. Siku hiyo hakungoja Alwyn anunue keki. Alinijia tukiwa bado chini, kabla hatujaanza kupanda, akaniwekea mkononi filimbi na chupa ya chumvi.

"Shika."

"Mimi? Na mdomo huu?"

"Ndiyo maana. Watakusikia."

Hadi leo Jumatano anakuja. Des anampitia kwa gari, anamwekea kiti cha kukunja pale maegesho, karibu na kibao cha wastani, anamwachia chupa ya chai na blanketi. Sisi tunapanda huku, tunashukia kule, tunarudi pale pale alipo.

Mara ya kwanza nilipofunga msafara peke yangu, nilitokea wa mwisho kabisa, nimechoka, najivuna kidogo, siwafichi. Wenzangu walikuwa wameshaanza kuvua buti. Nikamwona Valda amesimama kando ya kiti chake, ameshikilia kibao kwa mikono miwili, magoti yanatetemeka. Kiti kilikuwa na matone ya mvua ya asubuhi, hayajafutwa na mtu.

"Wewe bibi wewe!" nikamfokea. "Umesimama tangu tumeondoka? Kiti tumekuletea cha nini?"

"Wote wametoka?"

"Wote."

"Na Glenys?"

"Glenys si ndiyo mimi! Mimi ndiye mkia, Valda. Nyuma yangu hakuna mtu."

Akanitazama kutoka kofia mpaka buti, hana haraka, akahakikisha nimetoka mzima.

"Haya," akasema, na ndipo akakaa.